Kalunguyeye wa Mabatini

Sista Notburga, siku anafunga mizigo arudi kwao,
aliniachia bahasha ya kaki, nyepesi
kama imebeba pumzi.
Juu yake, kwa kalamu ya risasi:
*Zilale baridi kwanza. Wiki sita.*

Baridi? Mwanza hii?
Hapa mawe yenyewe hulala na mchana tumboni,
ukiyagusa usiku wa manane yangali vuguvugu
kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Nikaenda kwa Nyanjige, muuza barafu,
mwenye jokofu linalokohoa kuliko mgonjwa.
Mbegu nikazifunga kitambaani na mchanga mbichi,
tukazilaza rafu ya chini, jirani na vichwa vya sangara.
Umeme ukikatika, tunalivisha jokofu blanketi.
"Mtoto gani huyu," aliuliza Nyanjige,
"analelewa na maiti wa samaki?"

Nyuma ya nyumba, mawe mawili yameachiana
nafasi ya kitanda kimoja.
Udongo niliupandisha kutoka bondeni,
ndoo arobaini na moja, magoti ndiyo yaliyohesabu.
Mbegu themanini. Zikaota kumi na tatu.
Kuku wa jirani wakatoza ushuru wa nne.

Mwaka wa kwanza, majani tu,
yanakwaruza kama ulimi wa paka.
"Shemeji," akasema Masalu, "umelima magugu kwa heshima."

Mwaka wa pili, maua:
petali za zambarau zimelegea chini
kama mabega ya mtu aliyetoka zamu ya usiku,
na katikati kichwa cha miiba, rangi ya shaba iliyoungua.
Ng'washi wa Nyanjige akagusa, akarudisha kidole:
"Kalunguyeye!"
Jina likakaa. Sista hakuwa ameniachia lingine.

Watu wakaanza kupita. Dawa ya nini?
Ya mafua, nikasema. Ya koo. Ya kidonda kikaidi.
"Mafua tu?" Masalu alisikitika.
Alitegemea presha, sukari,
au angalau mapenzi.

Mama yangu alichimba dawa kule Magu.
Ulimi wake ndio uliokuwa maabara:
kipande kidogo, anafunga macho, anatema,
anasema jina.
Alitaka nijifunze. Mimi nilitaka kadi ya kiwandani.
Miaka ishirini na miwili mbele ya mashine za nyuzi,
nikaijua pamba kwa kidole,
sikujua mzizi hata mmoja kwa ulimi.
Neno moja tu nilishika:
*Chimba upande mmoja, acha upande mmoja.
Na ufukie shimo; mmea nao huona haya
kuachwa wazi.*

Mwaka wa tatu, Julai,
upepo ulipanda na vumbi na harufu ya dagaa wa Mwaloni,
kifua kikanibana.
Nikachukua jembe dogo.
Upande mmoja.
Mzizi mweusi, mwembamba, uzi uliopakwa masizi.
Nikausuuza, nikauma.

Kwanza udongo.
Halafu utamu wa uongo.
Halafu ulimi ukawaka, ukafa ganzi,
kama utotoni nilipolamba betri ya redio ya baba.
Nikajikuta nimefunga macho.
Nikatema.
Nikasubiri jina lije,
likaja lile la kitoto, kalunguyeye,
wala sikuwa na jingine la kukupa, mama,
baada ya miaka hamsini ya kuchelewa.

Mafua? Yaliondoka siku ya saba.
Ya Masalu, aliyekunywa tangawizi tupu,
yaliondoka siku ya saba vilevile.
Siwezi kumwapia mtu.
Shimo nimelifukia.

Na jokofuni kwa Nyanjige kuna kitambaa tena, mbegu za kwangu mwenyewe,
nilizozitoa kichwani mwa ua nikachomwa vidole vyote.
Wateja wanafungua, wanachungulia, wanataka kuonja.
Nyanjige amebandika karatasi:
SI VIUNGO.
MTOTO AMELALA.