Dungu

Mkaguzi wa manispaa akashusha utepe shimoni,
akachungulia, akasema: bado inchi tano.
Winnipeg ardhi ina tabia yake.
Januari huvimba, hukaza misuli,
ikaing'oa nguzo ya mvivu na kuitema.
Sharti uchimbe hadi baridi isikofika
ndipo umwage zege.

Nikachimba Jumamosi nzima,
udongo ukinata kama sima mbichi.
Shemeji Hashil na kikombe chake cha kahawa
alinisimamia mimi,
na mbu (ndiyo, huku wapo, tena manene)
wakatusimamia sote.

Orest wa ng'ambo ya ua
alinipitishia pimamaji la marehemu babake,
hakusema neno.
Kiputo kikayumba kushoto, kikayumba kulia,
kikatulia kati kama mtoto aliyebembelezwa.
Nguzo sita. Boriti mbili.
Kisha mbao za mwerezi, nazijua moja moja
kwa zamu ya usiku iliyoinunua,
na baina yao upenyo wa unene wa msumari
maana mbao nazo hunenepa zikilowa.

Kibibi akauliza: hii kwa Kiswahili yaitwaje?
Baraza, nikasema.
Akakataa. Baraza la Bibi kwenye picha ni la mawe,
limekaa kitako. Hii ina miguu.
Roshani? Mbona haina ghorofa.
Jukwaa? Nani ahutubie?
Nikabaki na drili inanguruma bure
hata likanijia neno nisilolitamka miaka ishirini:
dungu.

Miti minne, kamba za ukindu, bila kibali,
na mama yangu juu yake akiamia mpunga,
teo mkononi,
sauti yake ikiwatangulia ndege mashamba matatu.

Sasa yuko jikoni kwangu, magoti yamegoma,
tangu Novemba dunia yake imeishia dirishani.
Nilipima sakafu ilingane na kizingiti,
asipande, asishuke.

Akatoka. Hakusifu.
Akakanyaga kwa kisigino, hatua kwa hatua, hadi pembeni.
Hapa panacheza, akasema.
Kweli: skrubu mbili nilizisahau.

Kindi akatua juu ya ua,
akaruka kwenye nyanya za Orest,
akachuma moja, akaigeuzageuza.
Mama akamtazama. Akanitazama mimi.
Na huyu, mnamlisha bure?

Akanyoosha mkono,
akataka kipande cha mbao.