Mizania ya Saa Tisa Usiku

Vipande vya kiazisukari vinapanda mnarani,
maji ya moto yanashuka kuvilaki.
Kipande kilichokamuliwa hadi kupauka
hukutana na maji ambayo hayajaonja kitu;
kilichoshiba sukari hukutana na maji yaliyokwisha kulewa utamu,
na bado hupata cha kuyaongezea.
Tofauti ndiyo msukumo. Penye usawa hakuna kinachohama.

Drahoslava anachora duara kuuzunguka mnara mzima.
Kinachovuka mstari ndicho anachokihesabu:
viazi tani mia kwa saa, sukari humo tani kumi na saba;
maji tani tisini, sukari sifuri.
Upande wa kutokea: sharubati mia na kumi,
sukari yake kumi na sita na nusu;
makapi themanini, yamebakiwa na kilo mia tatu na ishirini.

Uzito umekubali. Sukari imekataa:
kilo mia na themanini, kila saa,
hazijulikani zilipitia mlango upi.

"Zitie kwenye makapi," asema Vlastimil, akipuliza chai.
"Nani ataonja?"

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii ina daftari.

Anafungua kilango cha sampuli, ananusa:
uchachu, kama maziwa ya juzi.
Kuna walaji humo, wadogo kuliko desimali,
wasiopiga kadi langoni.

Nje, theluji ya Moravia inafukia nyayo za zamu ya jioni.
Anaandika 180. Kando yake: wanakula.
Kisha analamba kidole kilichoshika kilango,
na kuipunguzia hesabu chembe nyingine.