Fomu ya Mti wa Kumi na Saba

Mjohoro, barabara ya stesheni, Tabora mjini.
Urefu: mita kumi na nane, kwa kukisia.
Mzingo: kumbatio mbili za Kapela
na shibiri yangu moja. Utepe ulikatikia Ipuli juzi
na ofisi haijanunua mwingine.

Naanzia chini. Mti huanza kufa miguuni
kama mgonjwa wa sukari.
Udongo una ufa wa kuingia kidole.
Shinani umeota uyoga, si ule wa kula,
ni ule mgumu, wa rangi ya ini.
Nauandika. Uyoga hausemi uongo.

Kisha nyundo ya mninga. Nagonga: ngo.
Nazunguka. Ngo. Ngo. Nagonga tena:
bwu.
Humo ndani pana chumba.
Natega sikio. Chumba kina wapangaji,
nyuki, na nimewaudhi.

Fomu inauliza: Ukianguka, utamwangukia nani?
Mti uliooza kule porini hauna kesi.
Unaanguka, mchwa wanakula, basi.
Hatari ni hili benchi,
hii pampu, hili beseni la maji ya kutafutia pancha,
na Mihayo, fundi baiskeli,
aliyekaa hapa tangu enzi za Foniksi.

"Dada wa halmashauri, usiukate.
Mwaka jana nilirina humo ndoo nzima.
Wewe unaita ugonjwa, mimi naita ghala."

Basi hama wewe, namwambia. Hatua ishirini na tano,
mti usikufikie.
Anazipima kwa macho.
Hatua ya ishirini na tano iko juani,
mlangoni pa duka la mtu mwingine.
Anarudi kwenye mnyororo wake, hajibu.

Mvua ya kwanza ina wiki mbili, pengine moja.
Chagua: Kata. Pogoa. Acha.
Kapela ameshafungua kopo la rangi nyekundu,
brashi inadondoka kwenye kiatu chake.
Naandika: pogoa upande wa mashariki unaoelemea,
zungushia kamba, rudi baada ya upepo.
Mkono unasita kwenye neno *rudi*.

Safu ya mwisho, idadi ya watu chini ya mti:
mmoja.
Nafuta. Nahesabu upya.
Mihayo. Mteja wake mwenye gurudumu begani.
Kapela na kopo lake.
Na huyu aliyeegemea shina, kalamu mdomoni,
anayetafuta jibu.

Wanne.