Ya Kumi

Mama yangu Petronelė amelala jikoni,
ubavuni mwa jiko kubwa la matofali,
maana chumba chake hakishiki joto tena.
Nje theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha.
Daktari wa Telšiai alikuja Jumanne,
akavaa glavu, akavua glavu,
akasema, "Mpeni anachotaka."

Anataka rozari.

Na aliye macho ni mimi tu, Zigmas, dereva wa malori,
niliyeacha kusali huko bandarini Klaipėda
kama mtu aachavyo koti kwenye kiti cha baa:
hakulitupa,
alitoka tu, na nje hapakuwa na baridi.

Dada yangu Domicelė anasinzia amekaa, mdomo wazi,
siku tatu za kugeuza, kufuta, kunywesha kwa kijiko.
Alinitupia shanga mapajani. "Zamu yako,"
kama walinzi wa ghala wanaopokezana tochi.

Naanza. Baba Yetu inakuja yenyewe,
mwili ulishajifunza, haukuniuliza.
Shanga ni za mti, zimelika upande mmoja
kwa miaka sitini ya kidole chake gumba,
na kidole changu kinazama mle mle
alimochimba yeye.

Salamu Maria. Salamu Maria.
Sitaficha: nilikuwa nakimbia.
Nilisali kama ninavyoendesha usiku,
macho kwenye kilomita zilizobaki.
Nikafika Atukuzwe Baba,
na mkono wake, ambao tangu jana haujainua hata leso,
ukanyanyua kidole juu ya blanketi.
Kimoja.

Nikadhani ananionyesha mbinguni.
Koo likanikaba kwa uzuri wa jambo lile.

"Tisa," akasema.

Nilikuwa nimeruka moja.

Nikaisema ya kumi polepole,
kama mtu anayelipa deni dukani watu wakimtazama.
*Sasa, na saa ya kufa kwetu.*
Tangu utotoni niliyatamka haya kama mashamba mawili
yenye ua katikati: huku sasa, kule saa ile,
na kule hakuna haraka ya kufika.
Usiku huu theluji imefunika ua.
Sasa, saa. Sioni pa kuvukia,
sioni kama tumeshavuka.

Wewe, sijui kama upo.
Nakwambia wewe kwamba sijui kama upo;
cheka, kama unacheka.
Siombi apone. Hata yeye angenikemea.
Naomba kikohozi kimpishe alale.
Naomba padri Kajetonas asikwame pale mtelemkoni,
gari lake ni bovu na yeye mbishi.
Na kama kweli kuna mlango,
usiwe na ngazi.
Goti lake la kushoto halikunji.

Saa kumi alfajiri pumzi ikaanza kwenda na kusita.
Domicelė akaamka bila kuitwa,
akautoa kabatini mshumaa uliobarikiwa Februari,
uleule ambao mama, kila radi ilipopiga kiangazi,
aliuwasha dirishani na kutunyamazisha sote, hata mbwa.
Tukamshikisha. Vidole havikufunga,
nikavifunga kwa vyangu.
Nta ikanidondokea kwenye kifundo cha mkono,
nikaiacha.

Domicelė akauliza, "Umefika wapi?"
"Ya sita."
"Endelea."

Nikaendelea.
Baada ya hiyo ya sita nilisubiri pumzi ifuate,
nikasubiri tena, mwali ukiwa umesimama wima,
hautikisiki na chochote.
Dada akainama, akasikiliza, akabaki ameinama.

Zilikuwa zimebaki nne.
Nikazisema zote, moja moja, kwa sauti,
nikihesabu kwa vidole vya mkono uliokuwa huru.
Nilipofika ya kumi nikatazama blanketi.

Hakuna aliyenisahihisha.