Mzizi wa Uongo

Tartu, Februari, digrii kumi na tisa chini ya sifuri.
Jiko la vigae limeshiba kuni,
paka kalala juu ya chaja,
nami naifunga kazi ya baba mdogo Endel
iwe kifurushi.

Programu yenyewe ni ndogo, mistari mia tatu na ushei:
unaiambia baridi ya siku kumi na kina cha theluji,
nayo inakwambia kama barafu ya mto Emajõgi
inabeba mtu, inabeba farasi, au haibebi hata mbwa.
Aliiandika baada ya kustaafu, kwa vidole viwili,
akaiacha kwenye diski yenye lebo ya penseli: *bado*.

Asiyejua kazi hii hudhani ni kutia vitu sandukuni.
Sivyo. Kwanza unajenga nyumba ya uongo ndani ya nyumba,
saraka tupu unayoiita mzizi na mzizi si wake,
na humo unapanga vyumba vilevile vya nyumba ya kweli:
usr, na ndani yake bin; share, na ndani yake man;
etc pembeni, kama kabati la funguo.
Kila faili unalipeleka chumbani kwake
kana kwamba limeshafika kwa mtu usiyemjua,
wa Pärnu labda, au Narva,
ambaye siku moja ataandika amri moja
na kurudi kwenye supu yake.

Kosa la kwanza nililifanya saa tatu.
Nilisahau neno moja tu mbele ya mkwaju,
na mafaili yote yakaupita mlango wa uongo
yakaingia kwangu mimi, kwenye mzizi wa kweli,
yakaketi kama wageni waliokosea harusi.
Nikayatoa moja moja. Nikamtukana Endel, nikajitukana.
Mkwaju ni kijistari tu kilichoinama,
lakini kuchapa unajua.

Kosa la pili halikuwa langu.
Saa sita kasorobo, kila kitu mahali pake,
programu na ruhusa ya kutenda,
mwongozo na ruhusa ya kusomwa tu,
mashine ikagoma:
*kuna faili lililowekwa ambalo halikutajwa.*

Orodha yangu ilikuwa na sita.
Nyumba ya uongo ilikuwa na saba.

La saba liliitwa *nimed*, yaani majina.
Hakuna mstari wa programu unaoliita; nilitafuta mara mbili.
Halihesabu kitu, halirekebishi kitu.
Tarehe, unene wa barafu kwa sentimita, mtu:

Machi 1969, saba, Leida wa posta.
Desemba 1974, tano na nusu, kijana wa akina Kuusk.
Aprili 1981, nne, Heino.

Heino ni baba yangu.
Mama alisema moyo.
Shangazi walisema moyo, daktari, mchungaji, wote moyo,
na Endel akanyamaza miaka arobaini
akipima mto kwa fimbo yenye alama.

Kulifuta ni amri fupi, herufi mbili na jina.
Kifurushi kingefungika kimya.
Nimeshafanya hivyo, kwa mafaili ya watu wengine,
wala sikuuliza yalikuwa ya nani.

Kuni zikaporomoka jikoni. Paka akafumbua jicho, akafumba.
Nikaandika mstari wa saba kwenye orodha:
usr, share, doc, na huko ndani, majina.
Ruhusa: asome yeyote.

Mashine haikusema neno. Ikafunga.
Kilobaiti kumi na nane.

Kesho nitampigia mama.
Au nitamtumia kifurushi tu.
Hajui kukisakinisha;
itambidi aniulize.