Ekari Kumi na Nne, Kimilili

Dalali kaja na kamba ya kupimia,
viatu vyake vyeupe, kwa muda.
"Hamsini kwa mia," akasema, "hamsini kwa mia,"
kama mtu anayekata mkate.

Nikampeleka chemchemini.
Madumu ya majirani yalikuwa foleni tangu alfajiri.
Hapa utapaandika ploti namba ngapi?

Mibuni ya baba, ya mwaka ule alipoachishwa kazi ya reli,
nimeikata hadi kishinani,
nami ni mwanamke wa miaka sabini na moja.
Situma, mjukuu, akauliza nitavuna lini.
Nikamkabidhi jembe.

Hati ya shamba?
Imelala kitakoni mwa debe la mbegu za mahindi.
Anayeitaka
azipande kwanza,
punje baada ya punje,
hadi aifikie.