Rejista ya Mwalimu Nolfa

Mama, leo nimefungua kabati la jikoni
nikakuta hamira yako imeganda koponi
na chini yake, chaki. Chaki, Mama, ndani ya unga!
Nikacheka peke yangu hadi kuni zikazimika.

Mvua ingali inanyesha. Huku kusini mwa Chile
mvua haiombwi, huja yenyewe kama mdai,
hugonga bati usiku kucha.
Nyumba zetu za mbao hulowa nje, hukauka ndani,
dohani ikizidiwa huwaka kama kiberiti.

Asubuhi ulikuwa wa darasa la kwanza:
watoto thelathini na mmoja, kamasi na makoti yanayotoa mvuke,
ukiwashika mkono mmoja mmoja waandike herufi m,
panda kilima, shuka, panda tena, shuka, pumzika.
Jioni ulikuwa wetu, Rigoberto na mimi,
lakini wa kukopeshwa tu.
King'ora kikilia
ulichomoa buti nyuma ya mlango
ukaenda na unga viganjani.
Wazimamoto wa mji wetu hulipwa asante,
na hiyo nayo mara nyingine husahaulika.

Nilikuonea wivu. Niseme leo, maana husikii,
au unasikia na huwezi kunikatiza.
Siku nilipotimiza miaka tisa, mishumaa imeshawashwa,
kikalia. Ukaipuliza wewe, mishumaa yangu,
ukasema, "Moto mmoja tayari," ukatoka mbio.

Wiki iliyofuata nikazificha buti zako
ndani ya pipa la viazi.

Usiku ule iliungua nyumba ya akina Oyarzo.
Ulizitafuta kwa pumzi tatu, ya nne hukuisubiri.
Ulikwenda na ndara za sufu.
Wanasimulia: ulisimama matopeni, moshi umekuvaa,
ukaita rejista.
Oyarzo Danilo! Nipo.
Oyarzo Maruja! Nipo.
Oyarzo Ismael!
Oyarzo Ismael!
Uliwafundisha wote watatu, ulijua
Ismael akiogopa huingia chini ya meza,
basi ukajua pa kuwatuma wenzako.
Alitolewa akikohoa, amenuna, kiatu kimoja.

Ulirudi alfajiri, msumari wa moto umekutoboa unyayo.
Hukuuliza kitu. Ulimenya viazi.
Ulimenya viazi, Mama, vya pipa lile lile,
na buti zilikuwa nyuma ya mlango, zimepanguswa.
Kovu hilo nimelisoma miaka thelathini
kila ulipovua soksi mbele ya jiko,
na kila mara nilianza, "Mama, ile siku..."
nawe ukaniagiza kuni.

Jumamosi tumekuzika.
Wenzako walikuja na sare, kofia kwapani.
Desturi yao mkuu huita jina la marehemu
nao humwitikia, kana kwamba kachelewa tu.
"Nolfa Cárcamo Vera!"
Nilidhani watajibu wao kumi na wawili.
Ilijibu barabara nzima:
mwokaji, muuguzi, dereva wa lori la magogo,
yule mlevi wa kona ambaye hakuvuka herufi m,
watu wenye mvi uliowapangusa pua,
"Yupo!"
Ismael Oyarzo, ndevu hadi kifuani,
alichelewa nusu pumzi kama kawaida yake,
akajibu peke yake, na hakuna aliyecheka.

Mimi sikujibu.
Rigoberto alinibonyeza mkono, bado sikujibu.

Sasa ni saa nane za usiku. Nimekanda mkate,
umekuwa mgumu, ungeucheka.
Buti zako nimezirudisha mlangoni,
vidole vinatazama nje, kama ulivyopenda.
Ni mimi niliyezificha.
Najua ulijua.
Ita tena, Mwalimu, taratibu, toka juu ya ukurasa,
na ukifika kwenye jina langu
usipige mstari haraka.